Herufi Moja Mfukoni mwa Shati

Siku kware alipotoka uvunguni mwa kitanda, fundi wa mapazia alikuwa anapinda pindo la pazia la daktari wa meno, na mama mkwe wake alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage. Binti wa fundi alikuwa sakafuni na ubao wa mchezo. Alikuwa amechota Q, A, L, E, I, U na T, akakaa nazo muda mrefu akiuma kucha, maana kwa mtu anayetafuta maneno ya Kiingereza Q ni herufi ya balaa: bila U haiendi popote, na hata ikiwa na U inataka kubembelezwa. Mwishowe akapanga Q, U, A, I, L. Kware akajitokeza, akajikung'uta vumbi, akaanza kudonoa maharage yaliyomdondoka bibi.

Bibi aliuliza kama achinjwe. Binti akamkumbusha kwamba neno likirudishwa mfukoni kitu nacho huondoka, hata kikiwa tumboni, na kwamba juzi tu walikunywa chai yenye asali ya ubaoni, halafu herufi ziliporudi mfukoni wakabaki na uchungu mdomoni hadi walipolala. Bibi akasema basi aachwe, walau ale wadudu. Fundi hakuinua kichwa. Aliuliza tu kama H imepatikana.

"Haijatoka," binti alijibu.

"Haya. Tutachota tena kesho."

Mchezo wenyewe ulitoka kiwandani. Kiwanda cha mishumaa kilikuwa mwisho wa barabara ile, na matangazo yake yote ya usalama yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo meneja mmoja, ambaye ameshahamishwa zamani, aliona dawa ni kuwafundisha wafanyakazi lugha. Akaleta kantini mfuko wa kitambaa uliojaa vibao vidogo vya plastiki, kila kimoja na herufi yake. Unachota herufi saba bila kuchungulia, unatafuta neno la Kiingereza lenye herufi hizo, unalishikiza kwenye maneno ya wenzako. Kuyaandika upya matangazo kwa lugha ya wasomaji wake kungechukua asubuhi moja, lakini hilo halikumjia mtu akilini.

Wafanyakazi waliushika mchezo kuliko meneja alivyotarajia. Wakawa watu wa kutembea na herufi kichwani. Mtu anafunga makasha ya mishumaa huku anatafuta neno lenye X na Y, mwingine anaamshwa na mkewe akiwa anataja majina ya ndege wa nchi za baridi. Kati yao aliyewapita wote alikuwa mume wa fundi. Kazi yake ilikuwa kusukuma mabonge ya nta juu ya daraja la mbao lililovuka tangi la kuyeyushia, na kuyadondosha ndani. Wenzake walimwita Zamu Yangu, kwa kuwa mtu yeyote akichelewa kuweka neno, yeye alikuwa ameshanyoosha mkono anasema hivyo.

Pale kantini walikuwa na desturi yao. King'ora cha kurudi kazini hakimsubiri mtu, kwa hiyo kikilia mchezo ukiwa katikati, yule ambaye zamu yake inafuata alichukua kibao kimoja na kukitia mfuko wa shati. Ubao ulifunikwa kwa sinia mpaka kesho yake. Bila kile kibao mchezo haumaliziki, na hakuna awezaye kumruka mwenye zamu. Hakuna aliyewahi kudai kwamba ameibiwa herufi, na katika kiwanda ambacho hata vijiko vya kantini vilifungwa kwa mnyororo, hilo si jambo dogo.

Siku hiyo Zamu Yangu alichukua K. Ndiyo K pekee katika mfuko mzima. Akaitia mfukoni, akapanda darajani, na jioni hakurudi nyumbani.

Karani wa wafanyakazi alimwambia fundi kwamba mumewe ameacha kazi kwa hiari yake. Kwa lugha ya ofisini ni mtoro. Fundi aliuliza mtu anatoroka vipi akaacha viatu vya kutembelea na chombo cha chakula kwenye kabati lake. Karani akasema watoro wana mambo.

Sasa, mtu aliyefia kazini ana heshima zake. Watu wanakuja, wanakaa, wanalia, kampuni inaleta mwakilishi mwenye uso wa huzuni na kuipelekea familia haki zake. Mtoro hana matanga. Mtaani ilishasemwa kwamba Zamu Yangu ana mwanamke mahali fulani, wengine wakafika hadi kumtaja kuwa ni mnene na ana duka. Mama mkwe aliacha kupita njia ya mbele akienda sokoni. Alikuwa anajua kwa mwili wake, kama mama anavyojua, kwamba mwanawe amekufa, na alichotaka hapa duniani kilikuwa kimoja tu: kiwanda kiseme amefia kule, ili yeye akae chini na watu amlilie mwanawe. Fundi alitaka hilohilo. Pia alitaka kujua kama aendelee kutandika kitanda kwa mito miwili.

Aliyeleta mchezo nyumbani kwao alikuwa mkata tambi za mishumaa, rafiki yake Zamu Yangu. Alikuja na mfuko, ubao, viatu na chombo cha chakula kilichooshwa. Akasema wale wa kantini wameona mchezo haumaliziki, K iko kwa mwenyewe, basi heri vitu vikae kwake. Fundi alimuuliza alichokiona siku ile. Mkata tambi alivitazama viatu vyake mpaka chai ikapoa, akaaga.

Binti, ambaye yuko sekondari na hawezi kuona herufi akaziacha zilale, alichota saba siku hiyo hiyo. Akapanga L, A, D, D, E, R, na ngazi ikawa imeegemea ukuta. Mama yake aliipanda na kupima urefu wa dirisha alilokuwa analipimia kwa kukisia tangu ahamie nyumba ile. Jirani alikuja kuiazima, akaambiwa airudishe kabla hawajachota tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akarudisha kitu alichoazima.

Baada ya ngazi kulikuja nanga, iliyoziba mlango wa nyuma hata ikabidi watupe taka kupitia dirishani. Ukaja mwangwi. Ulikaa bafuni na kurudia kila kilichoimbwa humo, wakati mwingine saa nzima baadaye, kwa sauti ya aliyeimba. Mchana mmoja wa joto binti alipata F, O na G tu za maana, na ukungu ukajaa sebuleni, mweupe, wa baridi, ukafunika cherehani na miguu ya viti. Walilala wote watatu humo ndani, wakaota ndoto moja, kwamba wanavuka uwanja wa nyasi ndefu na mtu mmoja yuko mbele yao kidogo hageuki. Walipoamka walisimuliana, wakakuta hakuna hata mmoja aliyeweza kumfikia. Bibi ndiye alimkaribia zaidi, kwa kuwa yeye hatembei haraka lakini hapumziki.

Ni baada ya ule ukungu ndipo fundi alipoanza kuulizia H.

Mchezo una sheria mbili zisizo na mjadala. Ya kwanza, huchungulii mfukoni. Zamu Yangu alikuwa akisema kuchungulia ni wizi wa mkono mmoja, na fundi asingemrudisha mume kwa njia ambayo mume mwenyewe angeikataa. Ya pili, majina ya watu hayaruhusiwi. Mchezo unajua vitu, haujui watu. Kama kware anakuja, fundi aliwaza huku mguu wake ukikanyaga cherehani, basi mume naye atakuja, ila aje kwa neno la kila mtu, lile la Kiingereza la mume. Akasubiri. Alisubiri H, na alipoipata H hakukuwa na B, na ilipotoka B, H ilikuwa imerudi mfukoni. Alikonda. Binti alijaribu kumchangamsha kwa kinubi na kopo la rangi nyekundu, na bibi akakipenda kinubi sana, lakini fundi alisema ahsante akaendelea kushona.

Kisha asubuhi moja mkono wa binti ulitoka mfukoni na A, N, S, U, D, B, H. Fundi aliziweka mwenyewe ubaoni, moja moja, akizigusa kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Hodi ikabishwa mlangoni.

Aliyeingia alikuwa mwanaume wa makamo, suruali imenyooshwa vizuri, ana begi dogo. Aliwaamkia wote kwa heshima, akavua viatu, akauliza ndara zake ziko wapi. Alikuwa mume, hilo halina ubishi. Alionekana mume mpaka kwenye namna ya kukohoa. Lakini hakuwa mume wa mtu yeyote mahali pale.

"Karibu," fundi alisema, na machozi yakamtoka. Fundi alikuwa ameshachana nywele, tayari kumpokea mwenyewe.

Yule mume alikaa siku kadhaa. Alikaza bawaba, akazibua sinki, akamsikiliza bibi. Jioni aliuliza kazi zimekwendaje na akangoja jibu. Bibi alisema kwa sauti ya chini kwamba, kusema kweli, huyu ana tabia nzuri kuliko aliyemzaa yeye. Fundi alijua ni kweli, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Mume wake yeye alikuwa hazibui sinki hadi lilie, alikuwa anacheka mdomo umejaa chakula, anaondoka mezani kutafuta neno kwenye kamusi halafu anasahau amekula au hajala. Alimtaka huyo. Alimweleza mgeni, naye akaelewa haraka sana, kama waume wanavyoelewa mara chache. Alivaa viatu, akachukua begi, akasimama karibu na mlango kurahisisha mambo, na fundi akazirudisha herufi mfukoni.

Umeme ulikatika wiki hiyo, kama kawaida yake, jua likiwa bado halijazama sawasawa. Bibi aliwasha mshumaa kwenye sahani. Ulikuwa mshumaa wa kiwanda kile kile. Mitaa hiyo hakuna mwingine. Walikula kwa mwanga wake. Ulipofika nusu, kitu cheupe kikaanza kuonekana ndani ya nta karibu na utambi, kikainama, kikateleza, kikaanguka sahanini kwa mlio mdogo wa plastiki.

Binti alikigeuza kwa uma. Ilikuwa K.

Hakuna aliyeuliza imefikaje humo. Bibi ndiye aliyeelewa wa kwanza, na kuelewa kwake kulikuwa kunyanyuka tu, kwenda kuchemsha maji na kukiosha kile kibao kwa vidole vyake, taratibu, kwa namna miili inavyooshwa, kisha akakifunga katika kipande cha pazia jeupe. Fundi aliliona tangi akilini, na daraja, na mabonge ya nta yakidondoka juu ya mtu mpaka mwisho wa shifti. Alihisi hasira kubwa. Alilia, binti akalia, na mshumaa ukaendelea kuwaka katikati yao. Hawakuuzima. Waliuacha uishe wenyewe, na hakuna aliyeondoka mezani mpaka ulipoisha.

Asubuhi fundi alikipeleka kibao kwa karani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na feni, kalenda na mtoto mchanga nyumbani aliyemnyima usingizi. Alikitazama kibao pande zote mbili, akasema kibao kinaweza kudondoka mfukoni mwa yeyote, hata mtoro anaweza kudondosha kibao akiwa njiani kutoroka. Fundi alimuuliza mtu atatorokaje akipitia ndani ya mshumaa. Karani akakuna kichwa.

"Dada yangu, mimi sibishani na wewe. Lakini kibao hakitoi maelezo. Mtu aliyeandikwa mtoro, anayeweza kufuta utoro wake ni yeye mwenyewe. Mlete."

"Amekufa, kaka."

"Mlete hivyo hivyo."

Fundi alirudi nyumbani akavua viatu, akauweka ubao juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kibao cha K katikati yake. Binti aliona mahali mama yake alipokiweka, akahesabu nafasi kulia na kushoto, akajua ni neno gani linaandaliwa. Halikuwa neno la Kiingereza. Halikuwa neno la kamusi yoyote.

"Mama, majina hayaruhusiwi."

"Waje wanitoe mchezoni," fundi alisema.

Jina lenyewe halitatajwa hapa, maana sheria ni sheria na aliyeivunja alikuwa na sababu. Itoshe kwamba lina K. Herufi nyingine walizichota kihalali, bila kuchungulia, wakizirudisha zisizohitajika na kuanza upya, kwa siku nyingi. Maneno yaliyojipanga njiani hawakuyaweka. Jagi zuri la shaba liliwapita hivi hivi, na farasi mdogo. Binti aliona nafasi ya neno lenye Z na X pamoja, la kumtoa machozi mchezaji yeyote, akalimeza. Bibi alishika mfuko kwa zamu yake, macho ameyafumba kabisa asije akadhaniwa vibaya. Ni yeye aliyechota ya mwisho.

Zamu Yangu aliingia kwa mlango wa jikoni, kama alivyozoea, akiwa na nguo za kazi. Alikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Ngozi yake ilikuwa laini, haina kinyweleo wala kovu la mkononi alilolipata utotoni, na kope zake zilikuwa na nta. Pale aliposhika fremu ya mlango alama za vidole zilibaki, nyeupe na za kuteleza. Alitazama ubao kabla ya kuwatazama watu.

"Hilo haliruhusiwi," alisema. Kisha akacheka kile kicheko chake, na fundi akamshika shati kwa mikono yote miwili.

Walimkalisha mbali na jiko. Hakutaka chai, alitaka maji ya baridi. Bibi alimpapasa uso, akapapasa na mabega, na baada ya kuhakikisha akaketi chini akaanza kumlilia. Alimlilia kwa sauti, kwa urefu, akitaja tangu alivyomzaa, alivyokuwa mlafi, alivyokuwa anamdanganya kuhusu shule. Mwanawe alikaa chini karibu naye akimfariji, akimpa kitambaa, akisahihisha pale alipochanganya miaka. Yalikuwa matanga madogo lakini yalikuwa matanga, na marehemu alihudhuria tangu mwanzo hadi mwisho.

Bibi aliponyamaza, fundi aliuliza. Zamu Yangu akaeleza bila haraka. Alisema daraja lilikuwa limemwagikiwa nta, linateleza. Alisema alikuwa ameshamwambia msimamizi, naye msimamizi akamwonyesha tangazo ukutani, akamuuliza kama hajui kusoma.

"Na nilijua," alisema. "Nililisoma lote. Lilikuwa linasema tushike reli tukiwa darajani. Kiingereza safi kabisa. Reli ndiyo haikuwepo."

Alisema pia kwamba alisikia wenzake wakipiga kelele mashine izimwe, na kwamba mashine haikuzimwa kwa sababu oda ilikuwa inasubiriwa getini. Baada ya hapo kulikuwa kimya na joto, akawa anawaza neno lenye K.

Asubuhi fundi na mumewe waliondoka kwenda kiwandani, wakipita upande wa kivuli ili mume asilegee. Ubao waliuacha mezani na binti akiulinda asije mtu akaugusa. Njiani watu waliwaona. Yule jirani wa ngazi alimwamkia Zamu Yangu kwa uchangamfu, akampa pole na safari, akageuka kumwambia mkewe kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichwa kwamba si aliwaambia, mwenye duka amemchoka, kamrudisha. Fundi alisikia. Alimshika mumewe mkono, ukabonyea, akapunguza nguvu.

Karani aliwapa viti. Aliizima feni baada ya kuona mgeni anaacha unga wa nta juu ya kaunta.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," fundi alisema. "Alifia kwenye tangi lenu. Muulize."

"Nilifia kwenye tangi," Zamu Yangu alisema.

Karani alimtazama vizuri, kuanzia kope hadi viatu. Alionekana kuwasikitikia kweli. Alieleza kwamba yeye huandika anachokiona, na anachokiona ni mfanyakazi aliyesimama kwa miguu yake mbele ya kaunta. Mfanyakazi aliyesimama hakufa. Na kama hakufa, basi siku zote hizi alikuwa mahali, na kazini hakuwepo, na mtu wa namna hiyo ana jina moja tu ofisini. Kwa kweli, alisema, hadi jana alikuwa na wasiwasi kidogo na jambo hili, sasa wamemwondolea. Zamu Yangu alianza kusema kuhusu reli. Karani akamjibu, kwa upole, kwamba malalamiko ya usalama hupokelewa kutoka kwa wafanyakazi waliopo kazini.

Fundi hakupiga kelele. Alitaka kupiga kelele, lakini alikuwa anatazama mkono wa mumewe juu ya kaunta, umeshaanza kushikana na mbao kwa joto la chumba, naye akaubandua kidole kimoja kimoja ili waondoke.

Walipita uani. Tangi lilikuwa wazi, linatoa mvuke mtamu. Juu ya daraja la mbao mwanaume mwingine alikuwa anasukuma mabonge, mikono yote miwili kazini, hana pa kushika. Tangazo ukutani lilikuwa limepakwa rangi upya. Mkata tambi alitoka bandani kwake, akasimama mbele ya rafiki yake, na safari hii hakutazama viatu.

"Tulifunika ubao kwa sinia," alisema.

"Najua," Zamu Yangu alisema. "Mlifanya vizuri."

Nyumbani alicheza na binti yake. Aliliacha jina lake pale lilipo na kuanza kushikiza maneno pembeni, na yaliyokuja yakawa mazuri: tufaha, kinanda kidogo cha mdomo, manyunyu yaliyoanguka juu ya meza tu na kumpoza. Binti aliweka neno lenye Q mahali pa alama nyingi, baba yake akapiga meza kwa furaha, kipande cha kiganja kikabaki mezani, wakaendelea. Fundi alishona akiwatazama. Pazia aliloshona mchana huo alilipinda vibaya na hakulirekebisha. Alikuwa na furaha, na alijua ni furaha ya aina gani, akaichukua hivyo hivyo.

Kisha king'ora cha kiwanda kikalia, kile cha mchana cha kurudisha watu kazini. Kinasikika mtaa mzima, na kwa kawaida hakuna anayekijali. Zamu Yangu alinyanyuka. Hakuwa ameamua kunyanyuka. Miguu yake ndiyo iliyosikia. Miaka yote ile mwili ulifundishwa jambo moja, na nta haikulifuta.

"Kaa," fundi alimwambia. "Wameshakuandika mtoro. Basi toroka."

Alifikiri juu ya hilo, kweli alifikiri, kichwa amekiinamisha. Halafu akatazama ubao. Binti alikuwa ameshaweka neno lake.

"Inayofuata ni zamu yangu," alisema. "Msimalize bila mimi."

Akanyoosha mkono, akaitoa K katikati ya jina lake, akaitia mfuko wa shati. Jina likabaki na pengo. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na alama za vidole zilikuwa bado kwenye fremu, na uani hakukuwa na mtu.

Jumamosi mkata tambi alikuja kuwaambia kwamba karani ameongeza mstari. Sasa Zamu Yangu ni mtoro mara mbili, na hiyo huhesabiwa kuwa kosa kubwa zaidi. Bibi alimkaribisha chai. Ameanza tena kupita njia ya mbele akienda sokoni, na watu wakimuuliza mwanawe yuko wapi huwajibu yuko kazini.

Ubao uko mezani, umefunikwa kwa sinia, na hakuna anayechota. Fundi hununua mishumaa kwa katoni. Haulizi bei na hangoji umeme ukatike. Anawasha mmoja asubuhi anapokaa kwenye cherehani, juu ya sahani nyeupe, na jua likiwa kali dirishani. Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye kaka yake alikuwa mtoro kabla ya Zamu Yangu, naye ameanza kuwasha mchana. Yupo na mwingine nyuma ya soko. Kiwanda kimefurahishwa na mauzo ya eneo hilo na kimeongeza shifti.

Mshumaa ukiisha, fundi anasimamisha cherehani, anakwaruza sahani kwa ukucha, anaipangusa, anawasha mwingine.